Prezida wa Depo Isiyofunguliwa

Siku niliyompaka Prezida unga kwenye kravati, mvua ilikuwa inashuka kutoka milimani bila kupumzika. Tulikuwa wamama peke yetu mbele ya mlango wa chuma, kila mmoja na mfuko mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso. Mimi nilikuwa na mzigo wa pili kifuani: mtoto wangu Ombeni, amefungwa kwa kikwembe, anakohoa.

Nyumba ile ilikuwa yetu. Mtu alikuwa ametupatia, kwa mdomo wake na mbele ya mashahidi. Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa koti la Prezida, na Prezida alikuwa amesimama chini ya ukingo wa paa, mkavu, na mwavuli juu yake, nadhani kwa heshima ya mwavuli. Nyuma yake alikuwa amefunga utepe kutoka upande mmoja wa mlango hadi mwingine.

"Bamama, mutulize roho," akasema. "Nyumba haiyafunguliwa rasmi. Bunga haiwezi kuingia mbele ya mugeni."

"Mugeni gani, Papa Prezida?"

"Mukubwa. Barua yake iko mu biro, inangoja sinyatire."

"Na mvua iko hapa," akasema Maman Nsimire, jirani yangu. "Yeye haingoji sinyatire."

Nikatua mfuko. Unga wa muhogo ukilowa unakuwa kama gundi, na ule wangu ulikuwa umelowa mpaka katikati. Nikafungua kamba, nikachota kiganja kizima, nikampaka Prezida kuanzia kwenye fundo la kravati mpaka tumboni. Sikumpiga, wala sikumtukana. Nilimpaka tu, polepole, kama mtu anayeziba ufa wa ukuta.

Hakupiga kelele. Aliinamisha kichwa, akaitazama kravati yake.

"Maman Ombeni," akasema, "hii njo ilikuwa ya sherehe."

Wengine walicheka. Mimi sikuweza. Ninaandika habari za mtu huyu kwa sababu nje ya avenyu yetu watu bado wanamsalimu kwa mikono miwili, wanamwita baba wa maskini. Waache wamsalimu, lakini wajue nani wanamsalimu.

Kwanza depo yenyewe, ghala letu la chakula. Haikuanzishwa na Prezida, hata kidogo. Ilianza na sisi wamama, wakati watu walipokuwa wanakimbia kutoka Kavumu, kutoka Mudaka na kutoka mbali zaidi, wanaingia mjini Bukavu na magodoro kichwani. Tulikubaliana hivi: kila mmoja, maji ya bugali yakichemka, kabla hajamwaga unga, atoe mkono mmoja wa unga auweke pembeni, kwenye kopo karibu na jiko. Hata kama unga ni kidogo. Hasa kama ni kidogo, alisema Maman Nsimire, maana ukishazoea kutotoa, hutatoa tena. Jumamosi makopo yote yanaletwa mahali pamoja. Mwenye maharagi analeta maharagi. Mwenye ndugu kisiwani Idjwi analetewa sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwani, anatoa kidogo. Kutoka hapo watoto wa wale waliokimbia wanapata uji asubuhi. Hayo tu. Hakukuwa na komite wala kiti.

Prezida alikuja baadaye. Tulihitaji mwanaume wa kuzungumza na parokia watupe chumba, na yeye alikuwa na koti. Nasema ukweli, tulimchagua kuwa prezida, mwenyekiti wetu, kwa sababu ya koti.

Alipopata cheo akakivaa kuliko lile koti. Hakusema tena "mimi". Alisema "Prezida". Prezida amesikia. Prezida atafikiri. Ukimkuta njiani ananunua chumvi, anakwambia, "Prezida iko mu mission." Aliandikisha jina la cheo nyuma ya kiti cha plastiki kwa rangi nyekundu, na kiti hicho kilihama na depo kila ilipohama. Hakukibeba yeye. Mimi mwenyewe nilikibeba mara moja juu ya mfuko wa maharagi, kutoka mtaa wa Kadutu mpaka chini, na yeye anatembea mbele yangu mikono nyuma, anaitikia salamu.

Kubeba, hapana. Maman Nsimire alimwuliza siku moja, wazi, mbele ya wote: "Papa, na weye mugongo yako inafanya kazi gani?"

"Mi nabeba responsabilite."

"Responsabilite iko na kilo ngapi?"

"Kilo mingi kupita zako, mama."

Hakuwa anatania. Kutania hakukujua, na ukimtania anakushukuru, anadhani ni sifa.

Tulifukuzwa mahali pengi, nami siwalaumu waliotufukuza. Kwanza tulikuwa kwenye chumba cha kwaya, mpaka dudu za maharagi zikaingia kwenye nguo za waimbaji. Halafu kwenye garaji ya mtu mmoja, mpaka akataka kuficha gari lake lisichukuliwe na askari. Halafu chini ya ngazi za shule, mpaka wanafunzi waliporudi. Kila tulipofukuzwa Prezida alitoa hotuba ya kuaga. Pale garajini mwenye gari alikuwa amekwisha liwasha, anapiga honi aingie, sisi tumesimama na mizigo kichwani, na Prezida anamshukuru kwa ukarimu wake, anaiombea familia yake mtu kwa mtu, anasema historia haitamsahau. Mwenye gari akatoa kichwa dirishani.

"Tonton, toka mu njia!"

"Nafika ku mwisho," Prezida akajibu, akaanza sehemu nyingine.

"Kila kitu na protokoli yake," hilo ndilo lilikuwa neno lake, asubuhi na jioni. Muzee mmoja kati ya wale waliokimbia alikufa kwa homa, na sisi wamama tukamkalia matanga kwa kuwa hakuwa na mtu. Prezida akafika akataka waombolezaji wakae kwa kufuata vyeo. Benchi lilikuwa moja. Alikaa yeye. Sisi tulibaki chini, na yule marehemu, ambaye hakuwa na cheo chochote, alisubiri mpaka orodha ya salamu imalizike ndipo azikwe.

Mtasema namchukia tu, kwa hiyo nitasema na lile lingine. Hakuwa mwizi. Sikuwahi kumwona akichukua hata punje. Siku moja niliingia kwake kumwita nikakuta watoto wake wanakula sombe, mboga ya majani ya muhogo, bila bugali, sombe peke yake, na funguo za depo zimening'inia msumarini pale pale juu ya vichwa vyao. Mke wake alikuwa amemwomba kiganja kimoja cha unga, naye akakataa. "Familia ya Prezida inakula ya mwisho," alimjibu. Niliposikia hivyo nilitaka kumheshimu. Nikashindwa. Hakumwuliza mke wake kama anataka kuwa wa mwisho.

Na kuna ile siku ya askari, wakati depo bado iko garajini. Walikuja vijana na bunduki, wanataka maharagi. Sisi tulikimbia. Prezida alivaa koti, akafunga vifungo vyote, akatoka nje akawaomba ordre de mission, hati ya kutumwa kazini. Wakacheka. Akawaeleza maana ya ordre de mission, nani anaitoa, inawekwa muhuri wapi, na askari mwenye nidhamu anaishika kwa mkono gani. Alianza na Kifaransa, akaenda kwenye Lingala, akarudi kwenye Swahili, hakupumua. Kijana mmoja alikuwa amemwekea mdomo wa bunduki tumboni, naye Prezida akausogeza pembeni kwa kidole kama mtu anayesogeza tawi, kisha akaendelea. Mwishowe mkubwa wao akasema kwa Lingala kwamba mzee huyu atawaumiza kichwa, waende. Wakaenda. Maharagi yakabaki.

Tulimbeba juu siku ile. Tulimwimbia. Nadhani ndipo alipoharibika kabisa, kwa kuwa aliamini ni protokoli iliyowafukuza wale vijana. Mimi naona walichoka tu. Tangu hapo hakuna aliyeweza kumwambia kitu.

Nyumba tulipewa na Hadji, mfanyabiashara wa vitambaa, mtu wa Uvira kwa asili. Biashara ilikuwa imekufa kwa sababu ya vita, alikuwa anafunga duka arudi kwa ndugu zake. Akatuita wamama, akatuonyesha: chini sakafu ya saruji, juu mabati mazima, mlango wa chuma, madirisha na vyuma vyake.

"Muchukue," akasema. "Isiwe ya kuazima. Ikuwe ya kwenu. Musiulize mutu dini yake, mumupe chakula tu."

Akanyoosha mkono na ufunguo. Sisi tulikuwa tunalia na kukumbatiana. Prezida hakuwa analia, kwa hiyo mkono wake ulifika wa kwanza.

Tulicheza barabarani. Mimi nilikwenda nyumbani kuleta ufagio. Niliporudi mlango ulikuwa umefungwa, naye anaeleza kwamba nyumba ya umma haiingiwi kama choo. Lazima ifunguliwe rasmi na mkubwa wa serikali. Mkubwa atakata utepe, atasema maneno machache, picha itapigwa. Hapo depo itakuwa na mwenyewe anayejulikana, na hakuna mtu atakayetufukuza tena. Hata mimi kwa mara ya kwanza niliona kuna akili ndani yake. Tungoje kidogo, tukasema.

Sasa, anayekumbuka miaka ile Bukavu anajua wakubwa walikuwa wanakaa kwenye viti vyao muda gani. Prezida aliandika mwaliko kwa mkubwa wa kwanza. Kabla barua haijajibiwa, mkubwa akabadilishwa. Akaandika kwa aliyefuata. Huyo akaenda Goma kwenye mkutano, akabaki huko. Akaandika kwa mwingine. Risasi zikalia mjini, na huyo akavuka mto Ruzizi na masanduku yake, mwaliko wetu mezani. Mtu mwenye macho angeona kwamba hakuna mkubwa, kuna vita. Prezida aliona kwamba barua haikuwa na heshima ya kutosha. Akaongeza heshima. Na kila utawala ulipobadilika alibadilisha rangi ya utepe, eti asije akawaudhi wanaoingia kwa rangi ya waliotoka. Alikwenda sokoni kutafuta utepe, wakati sisi tunatafuta majani ya sombe.

Nyumba ikakaa tupu. Popo waliingia kwa juu. Wao hawakupewa mwaliko.

Na chakula? Chakula kililetwa kwangu. Mume wangu alikuwa amekwenda Kavumu kutafuta kazi ya kupakua mizigo uwanja wa ndege, na hakurudi, na hakuna aliyeniletea habari, mbaya wala nzuri. Prezida akaja na wamama wawili, akasimama katikati ya chumba changu, akakitazama kitanda.

"Hapa kuko nafasi," akasema. "Ni ya muda tu."

Alipima nafasi ya mume wangu kwa macho akaona inatosha mifuko.

Nilikubali, kwa kuwa wale watoto lazima wale. Ombeni akawa analala juu ya maharagi. Vumbi la unga likaingia kifuani mwake, akaanza kikohozi ambacho dispensari walinipa dawa yake na kuniambia nimtoe kwenye vumbi. Nikamwambia Prezida. Akasema pole. Akasema mkubwa mpya amefika, ni mtu mwelewa, atakuja upesi.

Halafu Alhamisi moja, mchana mweupe, watu watatu wenye silaha walimsimamisha Maman Nsimire kwenye bomba la maji.

"Wapi kwa ule mwanamuke wa bunga?"

Hawakuuliza depo iko wapi. Waliuliza mimi niko wapi. Maman Nsimire akawaelekeza upande mwingine kabisa, kuelekea ziwani, akaacha bidoni zake za maji pale pale akaja kwangu mbio. Nikamfunga mtoto mgongoni nikaenda kwa Prezida. Nilimwambia yote. Nilimwambia nyumba ya Hadji ina mlango wa chuma, mlango wangu ni wa mbao za masanduku, na kwamba watarudi. Nilipiga magoti. Ninaandika hilo na linaniuma zaidi kuliko mengine.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

"Nitaitia mu ordre du jour ya mukutano," akasema.

Ndiyo maana Jumamosi tulibeba mifuko yote kwenye mvua. Ndiyo maana ya kravati.

Hakufungua, hata na unga kifuani. Alisema nikishinda kwa fujo leo, kesho kila mtu atashinda kwa fujo. Tukageuza njia, tukapanda mlima na mifuko iliyokuwa mizito mara mbili. Unga mwingi ulioza. Wamama waligawana maharagi nyumba kwa nyumba, kidogo kidogo, ili kusiwe tena na "mwanamuke wa bunga" mmoja. Mimi na Ombeni tulihamia kwa Maman Nsimire.

Jumatatu nilikwenda biro ya kartie, ofisi ya mtaa wetu, kushitaki. Nikamkuta yeye, amekaa benchini, barua mkononi. Mkubwa wa juzi alikuwa amekwisha ondoka, sasa anafuata anwani ya mwingine. Kravati ilikuwa imefuliwa, bado mbichi, alama nyeupe zimebaki kwenye mishono. Nafasi nyingine haikuwepo. Nikakaa karibu naye.

"Mutoto anaendeleaje?"

"Anakohoa."

"Prezida atamwombea."

Akasogea kidogo, akashusha sauti.

"Maman Ombeni, nilifikiri sana. Siku ya sherehe, weye utakaa mustari ya mbele. Na tutakuweka makamu wa Prezida. Mwenye kupokea bageni."

"Nipe ufunguo."

"Ufunguo ni ya komite."

"Komite ni nani?"

Akafikiri. Alifikiri kweli, nilimwona.

"Kwa sasa, ni mi."

"Basi unipe, weye komite."

Akaitazama barua yake. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea, na hakusema "Prezida". Alisema, "Mi sijakuwa na kitu chenye mukubwa alikuja kuona. Hata siku moja. Hata ndoa yangu hakukuja mutu." Alikuwa amekonda kuliko nilivyowahi kumwona, koti lilimkalia kama limetundikwa kwenye kiti.

Nikamhurumia kwa muda wa kufunga kikwembe changu upya. Nilipomaliza kufunga, Ombeni akakohoa, na huruma ikaisha. Kungoja kwake wakubwa wasiokuja kulilipwa na kifua cha mtoto wangu.

Wakaniita ndani. Sekretere alikuwa na mashine ya kuandika na kikombe cha chai. Hakunitazama.

"Mashitaka juu ya nini? Wizi?"

"Hapana."

"Alikupiga?"

"Hapana. Mi njo nilimupaka bunga."

Hapo akanitazama.

"Matusi? Uchawi? Mipaka ya parsele ya nyumba?"

"Hapana, papa."

"Sasa mama, ule mutu alikosa nini?"

"Anangoja."

"Kungoja haiko kosa."

"Weye andika. Mi nasema, weye unaandika. Mashine ni ya kazi gani?"

Akakuna kichwa, akatia karatasi. Mlango ulikuwa wazi. Prezida alikuwa anasikia kila neno kutoka benchini, na sikushusha sauti. Haya ndiyo niliyosema, na sekretere aliyaandika, akayapiga muhuri, na nikasaini mimi mwenyewe kwa jina langu lote:

Mimi, mama wa mtoto mmoja, mkazi wa kartie hii, ninamshitaki Prezida wa komite ya depo ya chakula. Simshitaki kwa wizi, maana hakuiba. Ninamshitaki kwa kufungia nje ya nyumba yao watu wenye njala, na kuacha chakula chao kiozee kwenye mvua, na kuweka mtoto wangu na mimi mbele ya watu wenye silaha, ili apate kuonekana na mkubwa. Aliambiwa kwa upole, aliambiwa kwa magoti, aliambiwa kwa unga. Siombi afungwe. Siombi alipe. Ninaomba ufunguo wa nyumba utoke mikononi mwake leo na uingie mikononi mwa wamama wanaobeba. Tukikataliwa, tutavunja kufuli mchana, mbele ya watu wote, na majina yetu mtayajua. Na mkubwa akija siku yoyote kufungua nyumba hii, aje tu. Atatukuta ndani, tunapika.